RUZUKU ZIKIISHA, NANI AHESABU KILICHOBAKI?



Tangu mwisho wa mwaka 2025 hakuna jambo lililosemwa sana katika mitaa yetu, kuanzia Kaloleni na Bahati hadi Dandora na Kayole, kama fedha za vijana za mradi wa NYOTA. Karibu kila nyumba ina kijana aliyejiandikisha, au aliyepata, au aliyekosa na kununa. Wengi wenu mmetuuliza: Je, Chama kinasema nini? Tuwaambie watoto wetu waziendee fedha hizo, au wakae kando?

Jibu letu kwa swali hilo ni fupi. Waziendee. Mwenye njaa haulizwi kwa nini amenyosha mkono. Lakini sisi tuna swali letu, ambalo hatulisikii likiulizwa barazani: mradi uliotangulia huu uliacha nini?

Maana NYOTA si mzaliwa wa kwanza. Kabla yake palikuwa na mradi ulioitwa KYEOP, ulioanza mwaka 2016 kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia. Vijana wa miaka 18 hadi 29 wasiokuwa na kazi walifundishwa ufundi, wengine wakawekwa chini ya mafundi wa jua kali, na wengine wakapewa ruzuku ya Sh. 40,000/- waanzishe biashara ndogo. Katika mradi huo huo kulikuwa na shindano la MbeleNaBiz, ambalo washindi wake 750 walipewa fedha nene zaidi: 500 kati yao Sh. 900,000/- kila mmoja, na 250 Sh. 3,600,000/- kila mmoja. Mradi huo umekwisha. Mabango yamefifia, na makarani wamehamia kwenye mradi mpya. Basi, katika vijana wa Eastlands waliopata zile elfu arobaini, ni wangapi leo wana mashine ya kushona, ni wangapi wana kibanda, na ni wangapi wana hadithi tu?

Tunajua kwamba wako watakaosema: Hili lawahusu nini ninyi wafanyi kazi wa mishahara? Lawahusu vijana wasio na kazi. Hatukubali. Kwanza hao vijana ni watoto wetu, na baba anayefanya kazi Industrial Area ndiye anayewalisha mpaka watakapojitegemea. Pili, kijana akifungua karakana Kariobangi Light Industries na kumwita mwenzake amsaidie, mwenzake huyo amekwisha kuwa mfanyi kazi, ana haki za mfanyi kazi, na ni wajibu wetu kumjua. Tena kuna jambo la tatu ambalo halitajwi sana. Fedha hizi kijana hazirudishi, lakini Kenya yazirudisha. Zile dola milioni 150 zilikuwa mkopo, ingawa wa masharti nafuu. Linaloitwa ruzuku mtaani laitwa deni katika vitabu vya Hazina, na deni hilo hulipwa kwa kodi, pamoja na ile inayokatwa katika mshahara wako kabla hujauona. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Sasa, tunaposema hesabu, hatusemi hesabu ya karani. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ina kazi yake nzuri, na sehemu yake ni kutazama kama shilingi iliyotolewa ilifika ilikopelekwa na kama risiti ipo. Kazi hiyo ni lazima ifanywe, na waliokula wafikishwe mahakamani. Lakini shilingi yaweza kufika salama mkononi mwa kijana, risiti ikatiwa sahihi, na maisha ya kijana yasibadilike hata kidogo. Mkaguzi wa risiti atasema yote ni sawa. Ukienda uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho siku ya mchezo, kuhesabu watazamaji mlangoni hakukuambii nani amefunga bao. Taarifa nyingi za miradi tulizopata kusoma ni hesabu ya mlangoni: vijana elfu kadha wa kadha wamefunzwa, elfu kadha wamepewa. Vema. Kisha ikawaje?

Kuna hesabu ya namna nyingine, na haikufanywa mbali. Ilifanywa hapa hapa, Baba Dogo, Dandora na Lunga Lunga. Tunashangaa kwamba watu wa mitaa hiyo wengi hawana habari zake, wakati huko ng'ambo yasomwa vyuoni.

Mambo yalikuwa hivi. Karibu mwaka 2013 shirika la International Rescue Committee liliwachukua wasichana wa miaka 18 na 19 wa mitaa hiyo mitatu. Walioomba walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mafunzo ya biashara, vyombo vya kuanzia kazi na mtu wa kuwashauri, waendeshe biashara ndogo chini ya jina la kampuni inayojulikana. Kundi la pili halikupewa mafunzo wala mashauri; kila msichana alipewa Sh. 20,000/- taslimu na kuambiwa afanye apendavyo. Kundi la tatu halikupata kitu. Kisha wataalamu wanne, Brudevold-Newman, Honorati, Jakiela na Ozier, wakayafuata makundi yote matatu, wakauliza mapato yao, na matokeo wakayachapisha mwaka 2017.

Kundi la tatu ndilo lenye maana kubwa, ingawa watu hulisahau. Ukiwauliza waliopata fedha tu, na kuona kwamba baada ya mwaka mapato yao yamepanda, hujui kama yamepandishwa na fedha au na umri. Msichana wa miaka 18 akifika 20 mara nyingi atakuwa amepata cha kufanya, hata bila msaada wa mtu. Ukilinganisha na mwenzake wa mtaa ule ule, wa umri ule ule, aliyekosa kwa bahati mbaya tu, hapo ndipo unapoona kazi ya fedha yenyewe. Hii si elimu ya kutisha. Mkulima akijaribu mbolea mpya hutia nusu ya shamba na kuacha nusu.

Matokeo yalikuwaje? Miezi 7 hadi 10 baada ya msaada kwisha, wasichana wa makundi yote mawili waliosaidiwa walikuwa wamewaacha mbali wale wa kundi la tatu kwa mapato. Waliofunzwa walipanda, na waliopewa fedha mkononi bila neno walipanda vile vile. Kama wapimaji wangekunja karatasi zao siku ile na kurudi kwao, tungesikia vigelegele mpaka leo. Lakini hawakukunja. Walirudi tena mwaka wa pili, wakaona faida ile imeyeyuka. Waliosaidiwa na wasiosaidiwa walikuwa karibu sawa.

Tuyatazame maneno hayo polepole, kwa sababu kila mtu atayavuta upande wake. Bwana mmoja atasema: Mmeona, vijana wa Eastlands wakipewa fedha huzila. Mwingine atasema: Msaada wote ni upuzi, funga duka. Sisi twaona wote wawili wamesoma haraka.

Wataalamu wale wenyewe wanalo elezo linaloafikiana na hesabu zao, nalo lagusa maisha tunayoyajua. Wanasema tatizo laweza kuwa ni akiba. Fikiri juu ya msichana wa Dandora anayelala chumba kimoja na mama na ndugu wanne. Apewe elfu ishirini leo. Ataziweka wapi? Zikikaa ndani, kodi ya nyumba itazijua kabla ya Ijumaa. Kaka yake amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Shangazi amelazwa. Hana moyo wa kusema sina, na hata angesema, nani angemsadiki? Basi azigeuza kuwa mafuta ya nywele, au kuku, au nguo za mitumba kutoka Gikomba, kwa sababu shangazi hawezi kukopa mtumba. Biashara ikawa ndicho kibubu chake. Kidogo kidogo akivunja kibubu kile, mwezi huu robo, mwezi ujao robo, mpaka mwaka wa pili kimekwisha. Tena, kwa elezo hilo, mambo yaweza kwenda hivyo hata kama msichana hakuwa na nia kamwe ya kuwa mfanya biashara maishani. Alikuwa akitafuta mahali pa kutunzia fedha.

Nani basi amwite mpumbavu? Kula vema mwaka mmoja, na mdogo wako kubaki darasani mwaka mmoja, si kitu cha kuchekwa. Lakini kama hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na fedha, iandikwe hivyo, na wanaopanga mradi ujao wajue kwamba walichohitaji wasichana pamoja na fedha ni mahali pa kuzifungia. Jambo hilo lisingejulikana kwa kuhesabu watu mlangoni. Lilijulikana kwa sababu mtu alirudi mwaka wa pili.

Kuna neno jingine katika habari hiyo lililotupendeza kuliko yote. Wasichana wale waliulizwa wanafikiri misaada ile itabadili vipi kazi za watu, na makisio yao yalikuwa karibu sana na yaliyotokea. Walijua! Wataalamu walikaa na mashine zao wakipiga hesabu, na wasichana wa Baba Dogo walikuwa na jibu kwapani. Tangu zamani twasema kwamba mfanyi kazi aijua mashine kuliko mwenye kiwanda. Hapa pana ushahidi uliopimwa kwamba mpokeaji aweza kuujua mradi vile vile.

Wenzetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi, na tungependa wanachama wajue. Mwaka 2008 serikali yao iligawa ruzuku kwa vikundi vya vijana wa kaskazini waliotaka kuwa mafundi wa kujitegemea, maseremala, washonaji na kadhalika. Kwa wastani kila mtu alipata kama dola 382. Vikundi 535 vilivyostahili viliingia katika bahati nasibu. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 38. Hiyo ni nyongeza ambayo hatujapata kuiona katika mkataba wowote wa mishahara! Lakini Blattman na wenzake walirudi tena baada ya miaka 9, wakaona wale waliokosa wamewafikia waliopata. Mapato yalikuwa sawa. Kilichobaki tofauti ni mali, yaani vyombo na vitu vya nyumbani, na kwamba waliopata walikuwa wakifanya kazi za ufundi zaidi. Kwa hiyo ruzuku iliwasukuma mbele kwa miaka kadha. Haikuwatoa katika umaskini moja kwa moja. Ukimwuliza mtu mwaka wa 4 atakuambia mradi umefaulu sana. Ukimwuliza mwaka wa 9 atakuambia jambo jingine. Wote wawili wasema kweli, na mwenye kupanga mradi hana budi kuwasikia wote wawili.

Nijeria nao, katika shindano lao la YouWiN! la mwaka 2011, waliwapa washindi 1,200 karibu dola 50,000 kila mmoja. Wengi wa washindi hao, 729, walichaguliwa kwa bahati nasibu kati ya watu 1,841 waliofika hatua ya mwisho, na kwa hiyo McKenzie aliweza kupima. Baada ya miaka mitatu waliopata walikuwa mbele, wana biashara hai zaidi, na wengi zaidi wao wameajiri watu 10 au zaidi. Fedha nyingi, kwa watu wachache, na faida ikadumu miaka hiyo mitatu. Hatusemi kwamba Kenya iache kumpa mnyonge na kumpa mwenye nacho. Twasema tu kwamba katika KYEOP tulikuwa na namna zote mbili, ndogo na kubwa, katika mradi mmoja na mitaa ile ile. Nafasi ya kulinganisha ilikuwa mezani.

Tumeona kwamba neno bahati nasibu huwaudhi wazee wengine. Wanasema ni ukatili kumwacha maskini kwa ajili ya utafiti. Tunawauliza wazee wetu: Kama nafasi ni 70 na walioomba ni 700, si lazima 630 wakose? Watakosa kwa njia gani? Kwa bahati, mbele ya macho ya watu wote katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni au Makadara? Au kwa kumjua mtu ofisini? Kwetu sisi maskini bahati nasibu ya hadharani ni ulinzi. Hainunuliki. Na tena yatuachia kundi la kulinganisha bila kumnyima mtu hata senti moja zaidi.

Kuna jambo moja katika upimaji tunaloligombea sisi kama Chama, hata kama wataalamu hawalipi uzito. Karatasi nyingi za upimaji huuliza: Biashara yako ingali hai? Akijibu hapana, atiwa katika safu ya walioanguka. Sasa chukua kijana aliyepewa elfu arobaini akanunua mashine ya kuchomelea vyuma. Akafanya kazi mwaka mzima, akajua kazi kweli kweli, kisha akaajiriwa na kiwanda kwa mshahara wa kila mwezi na mkataba, akaiuza mashine. Ameanguka huyo? Kwa karatasi ile, ndiyo. Kwa mama yake, hapana. Sisi twasema mshahara wa haki si kushindwa. Imekuwa desturi siku hizi kuwaambia vijana kwamba kuajiriwa ni utumwa na kwamba kila mmoja awe bwana wa kibanda chake. Maneno hayo huwafaa sana wasiotaka kuajiri.

Upande wa pili wa neno hilo hilo ni wale walioajiriwa na waliopata ruzuku. Taarifa husema kwa furaha kwamba mradi umeleta nafasi za kazi. Kazi gani? Kwa shilingi ngapi? Je, mtu yule yumo katika NSSF? Akiumia mkono, nani atamlipia? Mtu aliyepewa milioni tatu na laki sita za umma, akamlipa msaidizi wake chini ya kiwango cha chini kilichotangazwa na Serikali, hakuleta kazi, ameleta mashaka. Twataka kila hesabu ya nafasi za kazi iwe na safu ya mshahara kando yake. Nafasi isiyo na mshahara ulioandikwa isihesabiwe.

Na pawe na safu nyingine ya hasara. Dada anayeuza mboga kando ya Jogoo Road anajua vema mtaji wake uliishia wapi: nusu ulikwenda kwa faini, na siku nyingine bidhaa zote zilipandishwa garini. Ikiwa mkono mmoja wa serikali watoa ruzuku na mkono mwingine wapokonya bidhaa, mpimaji asiyeuliza habari za mkono wa pili ataandika kwamba dada huyu hakujua kuendesha biashara.

Turudi kwa NYOTA. Ruzuku yake ni Sh. 50,000/- kwa sehemu mbili. Mpango ulipotangazwa ulikuwa vijana 70 kwa kila wadi, na wadi za Kenya ni 1,450. Katika sehemu ya kwanza ya Sh. 25,000/-, Sh. 3,000/- ziliwekwa moja kwa moja katika akiba ya kijana kwa NSSF, mpango wa Haba Haba, na zilizobaki zikaingia kwenye simu yake. Tunasifu jambo hilo la akiba, kwani yaonekana kuna mtu aliyejua kwamba fedha zahitaji mahali pa kulala. Lakini tunasema haitoshi. Akiba ya uzeeni ni nzuri kwa uzee. Kijana wa Dandora hakuangushwa na uzee, aliangushwa na mwezi wa kumi na nne, wakati mtaji ulipopungua na mvua ikanyesha wiki mbili. Angefaa kuwa na akiba ambayo ndugu hawaifikii lakini yeye anaifikia, kwa notisi ya wiki kadha, kwa kununua bidhaa tena. Vyama vya akiba na mikopo vya wafanyi kazi vimefanya hivyo kwa miaka mingi. Akina mama wa Eastlands hufanya hivyo katika vikundi vyao vya kuzungushana, bila mtaalamu hata mmoja. Kwa nini sehemu ya ruzuku isipitie huko, kwa wadi chache kwanza, tuone kama mwaka wa pili wake utakuwa tofauti na mwaka wa pili wa wasichana wa mwaka 2013?

Gharama? Ndiyo, kuwafuata watu miaka mitatu hugharimu. Vijana wa Eastlands huhama, leo Umoja kesho Mihang'o, na laini ya simu hubadilika. Lakini fanyeni hesabu: vijana 70 kwa wadi 1,450 ni watu 101,500, na kwa elfu hamsini kila mmoja ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Anayetumia bilioni 5 akasema hana fedha za kumlipa mtu wa kuuliza zimefanya nini, huyo hataki kuulizwa.

Tena sisi wa vyama vya wafanyi kazi tunaifahamu ruzuku kwa mfano wetu wenyewe. Mwaka 1956 Tom Mboya alipata dola 35,000 kutoka kwa wafanyi kazi wa Marekani, wa AFL-CIO, ili pajengwe makao ya vyama vya wafanyi kazi hapa Nairobi. Solidarity House ingali imesimama pale Digo Road, Gikomba. Ukipima kwa matofali, ruzuku ile ilifaulu. Lakini hata wakati ule wako waliosema kwamba fedha za wageni zitatufunga mdomo, na wazee wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo mpaka leo wakinywa chai. Twaona ubishi wao ni mzuri. Miaka mingi imepita na watu bado wanauliza fedha zile zilifanya nini, nje ya matofali. Vijana waliopewa KYEOP nao waulizwe vivyo hivyo.

Na wakiulizwa, majibu yarudi kwao. Taarifa za upimaji huandikwa Kiingereza, kurasa mia, zikawekwa mahali pa kusomwa na wenye kuandika nyingine kama hizo. Twataka muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili, usomwe kwa sauti katika kumbi za jamii za wadi zile zile ambazo fedha zilitolewa, na waliopata na waliokosa wawepo. Kama msichana wa Baba Dogo aliweza kukisia matokeo kabla hayajatokea, ataweza pia kumwambia mtaalamu mahali alipokosea.

Kwa hiyo tunawaomba makatibu wa matawi yote ya Eastlands wafanye kazi moja kabla ya mkutano wa robo mwaka ujao. Kila tawi liwatafute vijana kumi wa mtaa wake waliopata ruzuku ya KYEOP, na wengine kumi walioomba wakakosa. Waulizwe sasa wanafanya kazi gani, wanapata shilingi ngapi kwa wiki, kama wamewahi kuajiri mtu na walimlipa nini, mtaji ulikwenda wapi, na wangependa fedha za mwisho zitolewe kwa njia gani. Majina yasiandikwe. Tunajua kwamba vijana ishirini wa tawi si upimaji wa kitaalamu, na hatutawaambia watu kwamba ndio. Lakini tukienda kwa wenye mradi wa NYOTA kuwauliza nani atarudi mwaka wa pili, na mwaka wa tatu, na kwa karatasi gani, twataka tuwe na karatasi zetu mkononi. Fomu zapatikana kwa karani wa Chama. Zirudishwe zimejazwa kwa kalamu ya wino, na makatibu waje nazo wenyewe.